Simu Ilipolia Ishiara



Nimekuwa kimya kwa muda mrefu, na baadhi yenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimefunga duka. Sijafunga. Kulikuwa na jambo moja ambalo sikutaka kuliandika, na kila nilipokaa kuandika jingine, hili lilikuja likakaa mbele ya skrini. Basi wacha nilitoe leo nipumue. Linahusu mota zinazofichwa ndani ya baiskeli za mbio, na linahusu programu niliyoiandika kwa siku mbili, ambayo ilimharibia jina kijana mmoja wa nyumbani kwetu.

Nyumbani ni Ishiara, Mbeere Kaskazini. Kwa wasiopajua: ukitoka Embu mjini unateremka, na kadiri unavyoteremka ndivyo joto linavyozidi. Kahawa inabaki nyuma, unaanza kuona ndengu, mtama, muguka na mbuzi wengi. Baiskeli kwetu si ya mazoezi. Ni ya kubeba mitungi ya maji, magunia, na shangazi ya mtu akitoka sokoni. Nyingi ni zile nyeusi za chuma tunazoziita Black Mamba, na mjomba wangu amekuwa akizitengeneza kwenye kibanda chake pale sokoni tangu kabla sijaanza shule. Mimi niliondoka nikaenda Nairobi kuandika programu, lakini baiskeli sikuziacha. Kila Julai natazama mbio za Ufaransa hata kama kazi imerundikana.

Nianze na mota zenyewe, maana nikisimulia habari hizi watu wengi hudhani natania.

Mwaka 2010 Mswisi Fabian Cancellara alishinda mbio mbili kubwa ndani ya wiki moja ya Aprili, ile ya Flanders na ile ya Paris-Roubaix. Kwenye ile ya kwanza alimwacha Tom Boonen mlimani akiwa ameketi tu kitini, kana kwamba Boonen ameshikwa na tope. Muda si mrefu ikatokea video kwenye YouTube ikidai kwamba anabonyeza kitu kwenye usukani. Alikana, na hadi leo hakuna aliyewahi kuonyesha ushahidi wowote dhidi yake. Lakini mwaka ule ule baiskeli zikaanza kupigwa eksirei kwenye Tour de France. Mwaka 2014, kwenye mbio za Hispania, Ryder Hesjedal wa Kanada alianguka kwenye kona na baiskeli yake ikaendelea kujizungusha barabarani peke yake kama panga boi. Dunia nzima ikasema mota! Baiskeli ikakaguliwa, hakukuwa na kitu. Gurudumu linalozunguka kwa kasi likigusa lami linasukuma baiskeli, basi. Mtoto yeyote aliyewahi kuipindua baiskeli huku gurudumu likizunguka anajua hilo.

Kisha tarehe 30 Januari 2016 uvumi ukapata mwili. Ilikuwa Heusden-Zolder, Ubelgiji, mashindano ya dunia ya baiskeli za kwenye matope. Wakaguzi wa UCI, chama cha dunia cha mchezo huu, walipitisha tableti zao kwenye baiskeli ya akiba ya msichana wa miaka 19, Femke Van den Driessche, ambaye alikuwa anashindana nyumbani kwao. Ndani ya lile bomba linaloshuka kutoka kwenye kiti hadi kwenye pedali kulikuwa na mota ya Vivax pamoja na betri yake, na swichi ya Bluetooth ilikuwa chini ya utepe wa usukani. Alisema baiskeli si yake, ni ya rafiki. Aprili akafungiwa miaka 6 na kutozwa faini ya faranga 20,000 za Uswisi. Kwa hiyo kitu hiki kipo, si hadithi.

Kinafanyaje kazi? Mliokua na Black Mamba mnaikumbuka dainamo: kile kichupa kinachoegemea tairi, ukikisukuma kiguse, taa inawaka na papo hapo miguu inahisi uzito. Dainamo ile inatoa wati 3 hivi, ingawa inakula zaidi ya hapo kutoka miguuni mwako. Sasa igeuze. Badala ya mguu kutoa umeme, umeme uusaidie mguu. Hiyo ndiyo mota.

Na si lazima iwe na nguvu nyingi, hapo ndipo watu wanapokosea. Tuseme unataka wati 100 kwa dakika 20. Hizo ni wati-saa 33, chini ya betri mbili za simu ya kawaida ya siku hizi. Uzito wake haufiki robo kilo. UCI hairuhusu baiskeli ya mbio kuwa chini ya kilo 6.8, na viwanda vinaweza kutengeneza nyepesi kuliko hapo, kwa hiyo hata nafasi ya kuuficha uzito ipo. (Sisi Ishiara mota hatufichi. Serikali ilipoondoa ushuru wa pikipiki ndogo mwaka 2008, boda boda za baiskeli ziligeuka za petroli kwa muda mfupi sana, na mwenye mota aliipigia honi soko zima lijue.)

Haya. Mwaka juzi, wiki moja kabla ya Krismasi, nilikuwa nasoma jinsi zile tableti za UCI zinavyofanya kazi. Kifaa kinatoa uga wa sumaku, kinapitishwa karibu na fremu, na programu inaangalia kama kuna kitu ndani kinachouvuruga ule uga. Nikawaza, mbona simu yangu ina kihisi cha sumaku? Ndicho kinachoendesha dira. Basi nikakaa siku mbili nikaandika programu. Inasoma kihisi mara 50 kwa sekunde. Uga wa dunia kwetu Kenya ni kama mikrotesla 33, kwa hiyo nikaweka kikomo: ikipita 60, skrini iwe nyekundu na simu ipige king'ora. Nikaijaribu kwenye baiskeli yangu ya alumini, ikanyamaza. Nikaweka mota ya feni nyuma ya bomba la fremu, ikalia. Nikairudia mara kumi, mara kumi ikajibu sawasawa. Nilifurahi kama mtoto.

Wasomaji wangu waandishi wa programu tayari wameliona shimo. Wengine subirini kidogo.

Tarehe 27 Desemba wafanyabiashara wa soko waliandaa mbio. Kutoka sokoni kuteremka hadi upande wa mto Thuci, kugeuka, kupanda tena hadi sokoni, mara mbili. Zawadi ni mbuzi na shilingi 5,000. Waendeshaji kama thelathini, wengi kwenye Black Mamba walizong'oa kariya asubuhi hiyo. Alikuwepo pia bwana mmoja kutoka Embu mjini aliyekuja na gari, na juu ya gari baiskeli ya kaboni ambayo bei yake ingenunua ng'ombe wa kutosha boma. Bwana huyu alikuwa mtu mzuri, nisimseme vibaya. Alitangaza mbele ya watu kwamba kijana yeyote wa hapa atakayemshinda atamchukua akafanye mazoezi na kikundi chao, na baiskeli atamtafutia.

Kijana mmoja akamshinda. Ana miaka 19, anabeba muguka kutoka shambani hadi stendi kila alfajiri, na muguka haisubiri, ikinyauka haina bei. Kwenye mlima wa mwisho alimpita yule bwana akiwa ameketi kitini (mnakumbuka Cancellara) na alifika sokoni karibu dakika nzima mbele. Na baiskeli yake ilikuwa inalia vuuuuu. Kila mtu aliisikia.

Bwana wa Embu alicheka, akasema kwa utani, labda kijana ana mota. Mtu mwingine akainama akaona waya. Waya wa kweli, mwembamba, unatoka kwenye dainamo unaingia kwenye mkebe mdogo uliofungwa chini ya kiti. Watu wakaanza kusukumana. Na mimi, nikiwa na simu mfukoni na siku mbili za kiburi kichwani, nikasema: "Ngojeni, nina kitu cha kupima."

Kijana aliniambia, nakumbuka vizuri, "Ni ya kuchajia simu ya mama, bro." Mimi sikuwa namtazama yeye. Nilikuwa natazama skrini.

Simu ikalia. Nilikuwa nimeweka sauti ya juu kabisa. Niliipitisha kwenye bomba la kiti, ikalia. Karibu na pedali, ikalia. Karibu na gurudumu la nyuma nusura ipasuke, kihisi kilikuwa kimepita mikrotesla 400. Mtu akaomba nipime ile ya kaboni kwa haki. Kwenye fremu yake simu ikanyamaza kimya. Watu wakapiga makofi.

Sikusema "ana mota." Hilo nimelishikilia miezi mingi kama mtu anayeshikilia risiti. Lakini wazee wa kamati walinitazama, kijana wa kompyuta kutoka Nairobi, wakasubiri niseme kwamba hana, nami nikasema, "Inafaa ichunguzwe." Mbuzi akarudishwa kwenye kamba. Ilikuwa inakaribia saa kumi na mbili jioni, wakasema baiskeli ifunguliwe kesho kwa fundi. Kijana akaisukuma kwenda nayo nyumbani. Bwana wa Embu akapandisha baiskeli yake juu ya gari akaondoka kabla ya giza.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikaa nje penye mtandao kidogo nikasoma habari za Chris Froome, na ninyi Wakenya mnajua kwa nini ni huyo. Alizaliwa Nairobi mwaka 1985, akafunzwa baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, akaiwakilisha Kenya kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2006. Mwaka huo huo alitaka kwenda mashindano ya dunia ya vijana kule Salzburg, hakuna aliyemsajili, basi akaingia kwenye barua pepe ya chama cha baiskeli cha Kenya akajisajili mwenyewe akijifanya ofisa. Alikiri haya kwenye kitabu chake cha 2014. Alipofika kule, mita chache baada ya kuanza, akamgonga mwamuzi. Mdukuzi wetu wa kwanza wa kimataifa! :-) Baadaye akachukua leseni ya Uingereza na kushinda Tour de France mara nne.

Kila aliposhinda, maneno yalifuata. Mwaka 2013 kwenye mlima Ventoux alimwacha Alberto Contador akiwa ameketi, miguu ikizunguka kama cherehani, na video zikaanza kuzunguka zikiuliza kilichomo ndani ya fremu. Tarehe 14 Julai 2015 alipanda La Pierre-Saint-Martin akamwacha Nairo Quintana kwa dakika 1 na sekunde 4. Sasa tuhuma zikawa mbili, dawa na mota. Mkuu wa timu yake, Dave Brailsford, alikuwa amesema wanaamini kompyuta zao zimedukuliwa na takwimu za Froome kuibwa. Televisheni ya Ufaransa ikaonyesha makadirio ya wati 7.04 kwa kila kilo ya mwili, kiwango ambacho binadamu wa kawaida hata hakisogelei. Kwenye mbio hizo hizo Froome akasema mtazamaji amemmwagia kikombe cha mkojo barabarani.

Timu ikaamua kutoa namba. Wati 414 kwa wastani, dakika 41 na nusu hivi, mwili kilo 67.5. Halafu wakaeleza kwamba gia yake ya mbele si duara kamili, kwa hiyo kipimo kinazidisha kama asilimia 6, na ukirekebisha unapata wati 5.78 kwa kilo.

Mimi nilichukua karatasi nikapiga hesabu mwenyewe, na hata ninyi mnaweza. Mlima ule ni kilomita 15.3 kwa mwinuko wa asilimia 7.4, yaani kupanda mita 1,130 hivi. Mtu na baiskeli na maji, tuseme kilo 76. Zidisha kilo kwa 9.81 kwa mita, gawanya kwa sekunde, unapata wati 340 za kupambana na mlima peke yake. Ongeza upepo na msuguano wa tairi, unafika karibu na 400. Kwa hiyo namba za timu zinasimama vizuri. Nikafurahi, nikataka kulala.

Halafu nikajiuliza swali la pili. Kama mtu angekuwa na mota ndogo, ya wati 10 tu, nguvu ya balbu moja ya LED, ingempa nini kwenye mlima ule? Jibu ni kama sekunde 50. Tofauti yake na Richie Porte, mwenzake wa timu aliyeshika nafasi ya pili, ilikuwa sekunde 59. Na wati 10 kati ya 400 ni asilimia mbili na nusu, ndogo kuliko ule ubishi wa gia isiyo duara. Maana yake takwimu za wati haziwezi kumtetea wala kumshtaki. Zote zile, za timu na za televisheni, zilikuwa pana kuliko kitu kilichokuwa kinatafutwa. Froome mwenyewe aliwaomba UCI wakague baiskeli zaidi, na ni jambo la busara, maana kufungua fremu ndiko kunakojibu. (Simfanyi malaika. Mwaka 2017 salbutamol yake ilizidi kiwango, na kesi hiyo ikafungwa Julai 2018 bila adhabu. Hiyo ni habari nyingine.) Katika Tour ya 2016 baiskeli zilikaguliwa mara 3,773 na mota haikupatikana hata moja.

Hiyo 3,773 ndiyo iliyonikaba koo. Chukua kifaa kizuri kinachokosea mara moja tu kwa mia. Kwenye vipimo 3,773 kingewapigia king'ora watu 37 wasio na hatia. Ndiyo maana wakaguzi hawaishii kwenye king'ora. Kifaa kikilia, wanaingiza baiskeli kando, wanachomoa kiti, wanatazama ndani kwanza, ndipo wanasema. Na kuanzia 2018 UCI wakaongeza kasha la eksirei, kwa sababu sumaku peke yake haiwatoshi.

Asubuhi nikaenda kibandani kwa mjomba kabla watu hawajajaa. Nikamweleza. Alinisikiliza akiwa anaziba pancha, kisha akasema, "Mpwa, hebu lete hiyo simu." Akaishika, akaisogeza kwenye jiliwa lake. Ikalia. Akaisogeza kwenye mlango wa kibanda. Ikalia. Kwenye nyundo, ikalia. Kwenye Black Mamba tatu zilizokuwa zinasubiri kutengenezwa, moja ya mwalimu, moja ya katekista, moja haina hata magurudumu. Zote zililia. Mjomba hakucheka. Afadhali angecheka.

Chuma, jamani. Black Mamba ni chuma tupu. Chuma kinakusanya uga wa dunia na kuupinda, na hakihitaji mota ndani. Programu yangu niliijaribu kwenye alumini, nyumbani kwangu Nairobi, kwenye meza yangu, halafu nikaipeleka mahali ambapo baiskeli ishirini na tisa kati ya thelathini ni za chuma. Kila mwandishi wa programu ana ile kauli ya aibu: kwangu inafanya kazi. Pale uwanjani baiskeli moja tu ndiyo ambayo kipimo changu kingeweza kuisemea lolote, ile ya kaboni. Nyingine zote zilikuwa na hatia kabla hazijafika.

Saa nne wazee wakaja, na kijana, na mama yake, na nusu ya soko. Mjomba akachomoa kiti. Bombani likatoka gunzi la hindi, lililosukumwa mle ili kiti kisizame, na unga wa kutu. Akafungua penye pedali: gololi na grisi. Akafungua mkebe: diodi nne, kapasita moja, na kibodi kidogo kilichotolewa kwenye chaja ya gari. Hakuna betri. Nilikishika mkononi nikaona kazi safi, risasi imeyeyushwa vizuri kuliko yangu. Kijana alijifunza kwa fundi wa redio. Umeme wa dainamo unaingia mle, unatoka volti 5, simu ya mama inachajiwa barabarani.

Na ile vuuuuu? Kamba iliyoishika dainamo ililegea kwenye kona ya mtoni, dainamo ikaangukia tairi. Ndani ya dainamo kuna sumaku, ndiyo iliyopandisha simu yangu hadi 400. Kwa hiyo mlima mzima wa mwisho kijana yule alipanda akiwa anasukuma dainamo. Watu walisikia mota inayomsaidia. Ilikuwa inamwibia.

Mbuzi akapewa, shilingi 5,000 akapewa. Nikasimama nikasema mbele ya wote kwamba kosa ni langu na kifaa changu hakifai. Wengine wakaitikia. Lakini nikiwa bado naongea nilisikia mtu nyuma akisema, si kwa ubaya, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo la wazi: "Alikuwa na usiku mzima wa kuitoa."

Sikuwa na jibu. Fremu ile ingefunguliwa jioni ile ile, dakika ile ile, maneno hayo yasingekuwepo. Mimi ndiye niliyesema "inafaa ichunguzwe" halafu nikaacha baiskeli iende nyumbani.

Kijana akasema basi atapanda tena, peke yake, kwenye baiskeli ambayo mjomba ameifunga mbele yao. Nilimsihi asifanye, nikijua takwimu za Froome zilivyomsaidia. Hakunisikiliza, na sioni kwa nini angenisikiliza. Akapanda kutoka mtoni hadi sokoni, bila dainamo, bila mtu wa kumfukuza, jua la saa sita, miguu ina mbio za jana. Siku ya mbio, kwa simu za watu waliorekodi, mlima wa mwisho ulimchukua dakika 9 na sekunde 20. Siku hii dakika 10 na sekunde 15. Watu wakatazamana. Sekunde 55! Karibu sawa kabisa na pengo alilomwachia bwana wa Embu. Hakuna aliyesema kitu, na nilijua wameshahesabu.

Nami usiku huo nikahesabu, nikiwa nimechelewa siku moja. Mwinuko mita 120, kijana kilo 58, Black Mamba na nguo kilo 22, dakika 9 na sekunde 20. Mlima unadai wati 168. Ongeza tairi nene na upepo unakuja kama 250, yaani wati 4.3 kwa kilo kwa dakika tisa. Ni nguvu nzuri sana ya kijana anayebeba mizigo kila siku, na haina muujiza wowote ndani yake. Hesabu ya dakika tano kwa kalamu ingetosha kuniambia kwamba hapa hakuna swali la kuuliza. Sikuifanya kwa sababu nilikuwa na kifaa.

Nilimpigia simu bwana wa Embu mara tatu. Mara ya tatu alipokea, nikamweleza yote, nikamtumia picha za gunzi na za mkebe. Akajibu, "Sawa, nimeona." Hajarudi Ishiara. Nimejaribu kuongea na watu wa baiskeli Nairobi, na mmoja amesema nimpeleke kijana siku moja wamtazame. Nauli nitalipa. Kijana amesema atafikiria, mavuno ya ndengu yakiisha.

Programu nimeifuta kwenye simu. Msimbo bado ninao, na wale walioniomba nitaupeleka, lakini nimeondoa king'ora na rangi nyekundu. Sasa inaonyesha namba tu, na kabla ya kuanza inakuuliza fremu ni ya nini. Ukijibu chuma inakataa kuendelea.

Pasaka nilikuwa nyumbani. Watoto sokoni bado wanamwita Mota, na amezoea, au anaonekana amezoea. Nilimkuta njiani akitoka shambani na gunia la muguka nyuma. Akasimama, akalegeza kiti, akachomoa gunzi akanionyesha, akalirudisha na kukaza. Hakusema neno juu yake. Kisha akaniambia mjomba ameishiwa na gololi, zile ndogo za gurudumu la mbele, nikija tena nisisahau.

Nimezinunua jana pale Kirinyaga Road, pakiti mbili. Naondoka Ijumaa.